AKHENATEN: MAISHA YA MFALME ALIYEBADILI MAJINA NA SURA ZA MIUNGU YA MISRI

1.0 Utangulizi

Wamisri wa kale hawakumwona mtu kuwa ni mwili na roho tu. Pamoja na mwili, kivuli, moyo, na zile nguvu za uhai walizoziita ka na ba, mtu alikuwa pia na ren, yaani jina. Jina halikuwa alama ya kumtambulishia mwenyewe kwa wengine tu, bali lilikuwa sehemu ya nafsi yake. Ambaye jina lake liliendelea kutajwa na kusomwa aliendelea kuishi, na ambaye jina lake lilichongolewa katika jiwe alihesabiwa kuwa amekufa mara ya pili. Imani hiyo iliihusu miungu kama ilivyowahusu wanadamu. Kuandika jina la mungu kulikuwa ni kumfanya awepo mahali pale lilipoandikwa.

Maisha ya Firauni Akhenaten, aliyetawala Misri kwa muda wa miaka 17 katikati ya karne ya 14 K.K., yanaeleweka vizuri zaidi yanapotazamwa kwa kigezo hicho cha jina. Katika zama zetu amesifiwa kuwa mwasisi wa imani ya Mungu mmoja, amelaumiwa kuwa mzushi wa dini, na amechorwa kama mwotaji aliyeiacha dola yake ilegee. Sifa na lawama hizo ni za watu waliokuja baadaye. Ushahidi uliobaki kutoka wakati wake mwenyewe, kwa sehemu kubwa, ni wa maandishi na michoro, na ndani yake zinaonekana hatua nne: kumpa mungu jina jipya, kubadili majina ya watu, kukwepa baadhi ya alama za maandishi, na hatimaye kufuta majina. Makala haya yanasimulia maisha ya mfalme huyo kwa kuzifuata hatua hizo. Yanakusudia kuonyesha kwamba mageuzi yake yalikuwa, kwa kiasi kikubwa, mageuzi ya majina na ya maandishi, na kwamba silaha aliyoitumia dhidi ya mungu Amun ndiyo iliyotumiwa dhidi yake mwenyewe baada ya kufa kwake.

2.0 Miungu Aliyoirithi

Akhenaten hakuzaliwa na jina hilo. Alikuwa mtoto wa Firauni Amenhotep III na malkia Tiye, wa ukoo wa 18 wa watawala wa Misri, naye aliitwa Amenhotep kama baba yake. Jina hilo lina sehemu mbili: Amun, ambalo ni jina la mungu, na hotep, lenye maana ya kuridhika au kuwa na amani. Kwa hiyo jina zima ni sentensi, nayo yasema kwamba Amun ameridhika. Alikuwapo kaka mkubwa, Thutmose, aliyetazamiwa kurithi kiti, lakini alifariki kabla ya baba yao. Jina la kaka huyo nalo lilibeba mungu, Thoth, bwana wa maandishi na hesabu. Katika jamii ile mtoto aliweza kukua akiwa amezungukwa na miungu katika majina tu ya ndugu zake.

Amun, ambaye jina lake linahusishwa na mzizi wenye maana ya kufichika, alikuwa mungu mkuu wa mji wa Thebes, unaoitwa Luxor siku hizi. Ingawa jina lake lilisema amefichika, sura zake zilikuwa nyingi: mwanamume aliyevaa kofia yenye manyoya mawili marefu, kondoo dume mwenye pembe zilizopinda, na hata bata bukini. Hali hiyo ilikuwa ya kawaida. Thoth alichorwa kama ndege kwarara au nyani. Hathor kama ng'ombe, au mwanamke mwenye masikio ya ng'ombe. Sura haikudaiwa kuwa picha halisi ya mungu. Ilikuwa kama alama ya maandishi, yaani njia ya kuonyesha sifa fulani ya mwenye jina, na ndiyo maana mungu mmoja aliweza kuwa na sura kadhaa bila mtu kuona mgongano.

Majina nayo yaliweza kuunganishwa. Amun alipounganishwa na Ra, mungu wa jua wa mji wa Heliopolis, lilipatikana jina Amun-Ra. Muungano huo haukuwaua wawili hao. Kila mmoja aliendelea kuabudiwa kwa jina lake. Pamoja na mkewe Mut na mtoto wao Khonsu, Amun alikuwa na hekalu kubwa la Karnak, lenye mashamba, mifugo na makuhani wengi.

Neno aten lilikuwapo pia, wala halikubuniwa na Akhenaten. Lilikuwa ni neno la kawaida lenye maana ya duara la jua, na linapatikana katika fasihi ya Misri karne nyingi kabla yake, kwa mfano katika kisa cha Sinuhe. Wakati wa Amenhotep III lilikuwa limekwisha kupanda hadhi, hata jahazi la kifalme likaitwa kwa jina linaloutaja mng'ao wa Aten.

3.0 Jina Refu la Mungu Mpya

Amenhotep IV alipotawazwa, takribani mwaka 1353 K.K., hakuanza kwa kumkana mungu yeyote. Alianza kwa kujenga. Huko Karnak, upande wa mashariki wa hekalu la Amun, alijenga mahekalu ya jua, mojawapo likiitwa Gempaaten. Mafundi walitumia mawe madogo yenye urefu wa sentimeta 52 hivi, ambayo mtu mmoja aliweza kuyabeba, na kwa hiyo kazi ilikwenda kwa kasi. Wanaakiolojia huyaita mawe hayo talatat.

Mungu wa mahekalu hayo mwanzoni alichorwa kwa sura ya zamani: mwanamume mwenye kichwa cha kozi, amebeba duara la jua kichwani. Hiyo ilikuwa sura ya Ra-Horakhty, ambaye jina lake lamtaja Horus wa upeo wa macho, pale jua linapochomoza na kutua. Jipya lilikuwa jina. Jina hilo lilikuwa refu kama maelezo ya imani. Lilieleza kwamba mungu huyu ni Ra-Horakhty, kwamba hufurahi katika upeo wa macho, na kwamba hufanya hivyo kwa jina lake la Shu, aliye ndani ya Aten. Shu alikuwa mungu wa hewa na mwanga. Hivyo basi, katika jina moja yalikusanywa majina ya miungu iliyokwisha kufahamika, ili kumweleza mungu mmoja.

Punde jina hilo liligawanywa na kuandikwa ndani ya fremu mbili za mviringo mrefu, ambazo hadi wakati huo zilikuwa ni za majina ya wafalme na watu wa jamaa zao. Mungu akawa anaandikwa kama mfalme. Sambamba na hilo, sura ilibadilika. Mwili wa mtu na kichwa cha kozi viliondolewa, na mahali pake likawekwa duara tupu lenye nyoka wa kifalme, ambalo miale yake iliishia katika mikono midogo ya binadamu. Mikono hiyo iliwakabidhi mfalme na malkia alama ya uhai, ikiisogeza puani mwao. Mungu huyo hakuwa na mke wala sanamu ya kuvishwa na kulishwa ndani ya chumba cha giza. Mahekalu yake hayakuezekwa, kwani mwenyewe alionekana angani.

4.0 Mwaka wa 5: Jina la Mfalme na Jina la Mji

Katika mwaka wa 5 wa utawala wake mfalme alibadili jina lake mwenyewe. Firauni alikuwa na majina matano rasmi, na mabadiliko yalipita humo kwa uangalifu. Jina la kuzaliwa, Amenhotep, likawa Akhenaten, lenye maana ya mwenye manufaa kwa Aten. Jina lake la Horus, lililotaja manyoya marefu yanayokumbusha kofia ya Amun, liliachwa, na badala yake likaja jina la kumtaja kuwa mpendwa wa Aten. Sifa iliyomtaja kuwa mtawala wa Thebes nayo ilitoweka. Lakini jina la kutawazwa, Neferkheperura Waenra, halikuguswa hata kidogo. Sababu yake yaonekana ndani ya jina lenyewe: mungu anayetajwa humo mara mbili ni Ra, na Ra hakuwa na ugomvi na Aten.

Mwaka huohuo mfalme alitangaza mahali pa mji mpya, kwenye ukingo wa mashariki wa mto Nile, karibu kilomita 300 kusini mwa mahali ulipo mji wa Kairo. Siku hizi mahali hapo panaitwa Tell el-Amarna. Katika majabali yanayouzunguka uwanda huo yalichongwa maandishi ya mipaka, ambamo mfalme aliapa kwamba ardhi hiyo ni ya Aten. Mji uliitwa Akhetaten, yaani upeo wa Aten. Yafaa kuangalia jinsi konsonanti za akh katika jina la mfalme zinavyosikika tena katika akhet ya jina la mji. Mfalme na mji walifungwa pamoja kwa sauti.

Nyumba ya mfalme iliitikia badiliko hilo. Malkia Nefertiti aliongezewa jina Neferneferuaten. Mabinti wao sita wanaonyesha mwendo wa imani ya wazazi: Meritaten, Meketaten, Ankhesenpaaten na Neferneferuaten mdogo wote wana Aten katika majina yao, ilhali wawili wa mwisho, Neferneferura na Setepenra, wana Ra. Anayedai kwamba Akhenaten aliifuta miungu yote isipokuwa Aten hana budi kuyaeleza majina ya watoto hao.

5.0 Mageuzi ya Lugha na Maandishi

Kwa mwanaisimu, miaka ya Akhetaten ina thamani ya pekee. Kwa karne kadhaa maandishi rasmi ya Misri yalikuwa yameng'ang'ania lugha ya kale ya kifasihi, huku lugha ya mazungumzo ikibadilika. Katika maandishi ya Akhenaten miundo ya lugha ya mazungumzo, ambayo wataalamu huiita Kimisri cha Baadaye, ilianza kuingia katika maandishi ya kifalme. Neno pa, linalofanya kazi inayokaribiana na ile ya al- ya Kiarabu, linaonekana wazi katika majina Gempaaten na Ankhesenpaaten. Lugha ya majina ya kidini ilikuwa imesogea karibu na vinywa vya watu.

Badiliko la pili lilihusu alama zenyewe. Maandishi ya Kimisri yalichanganya alama za sauti na alama za maana. Neno mut, mama, kwa kawaida liliandikwa kwa picha ya ndege tumbusi, picha ileile iliyoandikia jina la Mut, mke wa Amun. Waandishi wa Akhetaten waliikwepa picha hiyo na kuliandika neno mama kwa alama za sauti. Maat, yaani haki na mpangilio wa ulimwengu, alizoea kuandikwa kwa picha ya mungu wa kike aliyeketi. Naye akawa anaandikwa kwa sauti tu. Dhana ya Maat haikukataliwa, kwani mfalme mwenyewe alijisifu kuwa anaishi kwa Maat. Kilichokataliwa ni umbo la mungu ndani ya herufi.

Hatimaye, kati ya mwaka wa 8 na wa 14, jina refu la Aten nalo lilisafishwa. Horakhty, aliyeandikwa kwa picha ya kozi, aliondolewa. Shu naye aliondolewa. Ra alibaki. Jina la mungu lililoanza kwa kukusanya majina ya wengine likawa linayatoa moja baada ya jingine.

Utenzi mrefu wa kumsifu Aten, ulioandikwa katika kaburi la ofisa Ay, waonyesha upande mwingine wa fikra hiyo. Humo Aten ndiye aliyeumba nchi za Syria na Kush pamoja na Misri, na ndiye aliyezitenganisha ndimi za watu ili zitofautiane kwa usemi. Tofauti ya lugha imehesabiwa miongoni mwa kazi za Muumba. Na wageni hao hawakuwa wa kufikirika tu. Mnamo mwaka 1887 yaligunduliwa Amarna mabamba ya udongo, ambayo jumla ya yanayojulikana ni takribani 380, mengi yakiwa ni barua za wafalme na watawala wa Asia zilizoandikwa kwa Kiakadi. Humo mfalme aitwa Naphururiya, yaani Neferkheperura kwa masikio ya wageni. Kwa kuwa maandishi ya Kimisri hayakuandika irabu, barua hizo zinawasaidia wataalamu kukisia jinsi jina hilo lilivyotamkwa akiwa hai.

6.0 Kufuta Majina

Baada ya kuhamia Akhetaten, mfalme alituma watu wenye patasi nchini kote. Jina la Amun lilichongolewa katika kuta za mahekalu, katika makaburi na katika sanamu. Katika mnara wa Hatshepsut ulioko Karnak, wenye kimo cha karibu mita 30, picha za Amun zilifutwa hata kileleni, mahali ambapo macho ya mwanadamu hayawezi kusoma kutoka chini. Jambo hilo lathibitisha kwamba lengo halikuwa kuwazuia watu wasisome, bali kuliondoa jina lisiwepo. Jina la Mut lilifuatwa pia, na mahali pengine neno netjeru, ambalo ni wingi wa netjer, mungu, nalo lilifutwa. Msomaji wa Kiswahili hapati taabu kuona uzito wa tendo hilo, kwani katika lugha yake pia neno Mungu huchukua upatanisho wa a-, ilhali miungu huchukua i-. Wingi unaweza kubadili hadhi ya neno zima.

Patasi hizo hazikulisaza jina la Amenhotep III. Mungu aliyekuwa ndani ya jina la baba alichongolewa, na mara nyingine jina la kutawazwa, Nebmaatra, likaandikwa badala yake. Kwa imani ya Wamisri jina lilikuwa uhai wa marehemu. Kwa hiyo mwana alilazimika kuchagua kati ya jina la mzazi wake na imani yake, naye akachagua imani.

7.0 Majina ya Watu na Kifo cha Mfalme

Je, watu walimfuata? Katika nyumba za Akhetaten yenyewe zimepatikana hirizi nyingi za Bes, kibeti mlinzi wa wazazi na watoto, na za Taweret, mungu wa kike mwenye umbo la kiboko mjamzito. Mwanamke aliyekaribia kujifungua hakuacha hirizi yake kwa amri ya ikulu. Huko Saqqara limechimbuliwa kaburi la ofisa aliyeitwa Meryneith, mpendwa wa mungu wa kike Neith. Katika kaburi hilohilo jina lake laonekana limebadilishwa kuwa Meryra, kisha likarudishwa kuwa Meryneith. Mtu mmoja alibadili jina mara mbili katika maisha yake, akifuata upepo wa utawala.

Katika mwaka wa 12 Akhenaten na Nefertiti walipokea kwa fahari kubwa kodi na zawadi za mataifa. Baadaye binti yao Meketaten alifariki, na michoro ya kaburi la kifalme inawaonyesha wazazi wakimlilia. Maandishi ya mwaka wa 16, yaliyotangazwa na wataalamu mwaka 2012, yanamtaja Nefertiti akiwa bado mke mkuu wa mfalme. Nayo yamewafanya wengi waiache ile nadharia ya kwamba alikuwa ametoweka miaka kadhaa kabla. Akhenaten alifariki katika mwaka wake wa 17.

8.0 Mfutaji Afutwa

Miaka michache baada ya kifo hicho kiti kilikuwa cha mtoto aliyeitwa Tutankhaten. Jina lake lilibadilishwa likawa Tutankhamun, na mkewe Ankhesenpaaten akawa Ankhesenamun. Ndani ya majina hayo mawili Aten alitoka na Amun akarudi. Mji wa Akhetaten ulihamwa. Horemheb, aliyetawala baadaye, aliyabomoa mahekalu ya Aten huko Karnak na kuyatumia mawe yake kujazia kuta za malango mapya. Yale ya Akhetaten yalichukuliwa na wafalme waliofuata kwa ajili ya majengo ya mji wa Hermopolis, ng'ambo ya mto. Katika orodha ya wafalme iliyochongwa Abydos wakati wa Seti I, Amenhotep III anafuatwa moja kwa moja na Horemheb. Hati ya kesi ya ardhi ya wakati wa Ramesses II ilipohitaji kuutaja utawala wa Akhenaten, haikutumia jina lake; ilimtaja tu kuwa adui wa Akhetaten.

Mwezi Januari mwaka 1907 lilifunguliwa kaburi namba 55 katika Bonde la Wafalme. Ndani yake mlikuwa na jeneza lililong'olewa sehemu kubwa ya uso wake wa dhahabu, na fremu za jina zilikuwa zimekatwa zikatolewa. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2010 ulihitimisha kwamba maiti iliyokuwa humo ni ya mtoto wa Amenhotep III na Tiye, naye ni baba wa Tutankhamun. Wataalamu wengi wanamtambua kuwa ni Akhenaten, ingawa wapo wanaopinga kwa hoja ya kwamba mifupa ni ya mtu mwenye umri mdogo zaidi. Mabishano hayo yapo kwa sababu jina halipo.

9.0 Hitimisho

Maisha ya Akhenaten yanaonyesha mipaka ya mamlaka juu ya majina. Aliweza kumpa mungu jina, kulipunguza, na kuamuru alama gani iandikwe. Hakuweza kuamuru jina gani litamkwe na mama aliye katika uchungu, wala jina gani litarudi kaburini baada yake. Isitoshe, hakuibadili ile imani ya msingi kwamba jina ni uhai. Aliitumia kwa ukamilifu kuliko watangulizi wake, na kwa kuwa aliiacha ikiwa hai, waliomfuata waliikuta tayari mikononi mwao.

Hata hivyo, kufuta nako kuna maandishi yake. Mahali palipochongolewa jina la Amun na kuandikwa upya, uso wa jiwe mara nyingi umezama kidogo kuliko pembeni, na mtaalamu hutambua kwa kuupapasa tu kwamba mikono ya Akhenaten ilipita hapo. Mawe ya talatat yaliyofichwa ndani ya malango yalihifadhiwa na malango hayo, yasipigwe na jua wala upepo; na yalipotolewa katika karne ya 20 maelfu yao yalikuwa bado yanasomeka, yakiwa na duara la jua, mikono midogo, na zile fremu mbili za jina la mungu.